Akili Bandia na Sauti Tunazoziamini



Jambo la leo nimeliokota barazani pa kanisa, pale ambapo waamini husimama kidogo baada ya Misa kabla ya kila mmoja kushika njia yake. Mzee mmoja alikuwa akisema kwamba hii iitwayo akili bandia ni kazi ya Shetani, na heri isiingie nyumbani mwake. Kijana wa kwaya akamjibu kwa heshima kwamba yeye huiuliza kila kitu, tangu mbolea ya mahindi hadi maumivu ya tumbo, na kwamba haijamdanganya hata siku moja. Mama aliyekuwa karibu akacheka, akasema, "Mimi hata watu wenyewe siwaamini, sembuse mashine." Nawaheshimu wote. Lakini kijana ndiye aliyenitia wasiwasi, kwa maana mzee amejifungia mlango na mama anao uangalifu wake, bali kijana ameacha mlango wazi usiku kucha.

Tuanze na jina. Wengine husema akili bandia, wengine akili unde, wengine akili mnemba. Wataalamu wa lugha na waendelee kubishana. Mimi nalipenda lile la bandia, kwa sababu linasema wazi kilichopo. Jino la bandia hutafuna nyama sawasawa na jino la kuzaliwa, lakini haliumi usiku. Lafanya kazi ya jino pasipo kuwa na uhai wa jino.

Hebu nieleze sasa namna mashine hizi zinavyofanya kazi, kwa maana mengi tunayoyaogopa, na mengi tunayoyasujudia, hutokana na kutojua. Mashine zinazojibu maswali, kama ile ya ChatGPT iliyofunguliwa kwa watu wote mwezi Novemba 2022, zimelishwa maandishi mengi kupita yale ambayo mtu angeweza kuyasoma hata akijaliwa kuishi mara mia. Juu ya maandishi hayo zilifanyishwa zoezi moja lisilokwisha, yaani kukisia neno linalofuata. Nikisema "Haba na haba", ninyi nyote mmekwisha kumalizia moyoni. Nikisema "Tumsifu Yesu Kristo", hata mtoto wa miaka mitatu, ambaye hajui bado maana ya umilele, hujibu "Milele, amina". Mtoto huyo hasemi uongo, lakini pia hatuwezi kusema kwamba ametoa ushuhuda. Ametamka linalofuata. Mashine hufanya hivyo kwa ustadi wa kushangaza, kwa sentensi nzima na kwa kurasa nzima, na mara nyingi linalofuata huwa kweli, kwa kuwa wengi walioandika kabla yake waliandika kweli. Baadaye huwekwa watu wa kuyapima majibu, hili jema, hili baya, nayo hujifunza hata upole na adabu ya kusema.

Shida hutokea pale isipojua. Mtu mwaminifu asipojua hunyamaza, au husita, au sauti yake hupungua nguvu, nasi tumezoea tangu utoto kuzisoma dalili hizo. Mashine haina dalili hizo. Linalofuata litakuja tu, kwa sauti ile ile, kwa ufasaha ule ule, likiwa na mwaka na jina na ukurasa. Zipo siku hizi mashine ambazo hupekua kwanza mtandaoni na kuonyesha zilikotoa habari, na hilo ni afadhali. Lakini hata hizo hukosea. Nasi tunaozungumza Kiswahili yatupasa kuangalia zaidi, kwa sababu maandishi ya lugha yetu yaliyomo humo ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza.

Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili walimtetea abiria aliyedai kuumizwa na toroli la chakula ndani ya ndege. Mmoja wao aliiomba mashine imtafutie hukumu za zamani zinazofanana na shauri lake. Ikampa, zenye majina ya wadai na tarehe na maneno ya mahakimu. Akaiuliza kama hukumu hizo ni za kweli. Ikamjibu kwamba ni za kweli. Zikapelekwa mahakamani, na ikaonekana kwamba kadhaa kati yake hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote duniani. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Liangalieni vizuri kosa la wakili huyo. Si kwamba alitumia chombo kipya. Alimtaka shahidi ajithibitishe mwenyewe, jambo ambalo sheria aliyoisomea humkataza kulikubali kwa shahidi wa nyama na damu.

Kwa hiyo ninyi makatekista, ambao najua mnatayarisha mafundisho usiku mkiwa mmechoka na shughuli za shamba, sitawakataza kuiomba mashine iwapangie somo au iwatafutie mifano. Lakini ikiwaambia kwamba Mtakatifu Augustino alisema hili, au kwamba Katekisimu katika namba fulani yafundisha lile, fungueni Katekisimu. Ipo parokiani. Kama hamkuona maneno hayo kwa macho yenu, msiyaweke kinywani mwa mtakatifu. Amri ya nane inawalinda na marehemu pia.

Na yule mzee wangu? Amenyimwa faida za kweli. Wakulima wa muhogo wa hapa Afrika Mashariki wamepata programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo huelekezewa jani nayo ikatambua dalili za batobato au za michirizi ya kahawia, hata mahali pasipo na intaneti. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu mwaka 2021, limekubali kompyuta zitumike kusoma picha za kifua katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Mahali ambapo daktari wa kuzisoma picha hizo yuko mwendo wa siku nzima, msaada huo si kazi ya Shetani hata kidogo.

Lipo jambo lingine ambalo barazani halikutajwa. Majibu hayo ya upole yana jasho la watu nyuma yake. Mwezi Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi walisomeshwa maandishi ya ukatili na ya aibu, kutwa nzima, wakiyapanga kwa aina zake ili mashine ifundishwe kuyakwepa, na ujira wao ulikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Baadhi yao walisema kwamba kazi hiyo iliwajeruhi nafsi. Baba Mtakatifu Leo XIV, alipochaguliwa mwezi Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba alichagua jina hilo kwa kumkumbuka hasa Leo XIII, aliyetoa barua ya Rerum Novarum mwaka 1891 kutetea wafanyakazi wa viwandani, na akaitaja akili bandia kuwa mapinduzi mapya yanayodai utetezi wa hadhi ya mtu, haki na kazi. Tunapoishangaa mashine, tusiwasahau hao wa Nairobi.

Wengine hunijia kwa siri na kuniuliza kama yafaa kuungama kwa mashine. Mwaka 2024 kundi moja la Wakatoliki wa Marekani liliweka mtandaoni padre wa kuchorwa, mwenye ndevu na kola, ili ajibu maswali ya imani. Malalamiko yalikuwa mengi hata zikapita siku chache tu wakamvua upadre wake, akabaki mlei. Nilicheka niliposoma, lakini sababu ni nzito. Kitubio ni sakramenti, nayo yataka mtu aliyepewa Daraja, anayesikia, anayeweza kuona haya pamoja nawe na kutunza siri mpaka kaburini. Tangu mwaka 1966 mwalimu Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT aliunda programu ndogo iitwayo ELIZA, ambayo karibu kazi yake yote ilikuwa kuyageuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia, na hata hivyo watu walianza kuimwagia mambo ya moyoni. Kiu ya kusikilizwa ni kubwa. Sisi mapadre tusiopatikana ofisini tuna sehemu yetu katika habari hiyo.

Sasa nataka tukae kidogo na Isaka, katika sura ya 27 ya Kitabu cha Mwanzo, kwa sababu sijaona penginepo palipoelezwa vizuri namna mtu mwenye akili zake anavyodanganywa.

Mzee Isaka hakuwa mjinga. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo akapima kwa njia nyingine. Alimwuliza mgeni jina lake. Alishangaa jinsi windo lilivyopatikana upesi hivyo. Alimpapasa mikono. Alitambua kabisa kwamba sauti ni ya mwana mwingine, akalisema jambo hilo waziwazi! Akauliza mara ya pili. Akala, akanusa mavazi. Kisha akabariki. Ni vipimo vingi, nanyi mwajua kilichotokea. Ila tazameni: kila kipimo kilipita mikononi mwa yule yule aliyekuwa akipimwa. Ngozi ya mwana-mbuzi, mavazi ya Esau, chakula, jina, vyote vililetwa na Yakobo. Alipoulizwa juu ya haraka ile, Yakobo alijibu kwa kulitaja jina la Mungu, na juu ya haraka hiyo mzee hakuuliza tena. Jambo moja tu ambalo Isaka hakulifanya ni kungoja Esau arudi kutoka porini. (Kumwuliza Rebeka kusingemsaidia, tukumbuke.)

Wakati wa Isaka sauti ndiyo iliyosema kweli na mikono ikadanganya. Siku hizi hata sauti imepatikana ngozi ya kuivika. Mashine ikisikia sauti ya mtu kwa muda mfupi tu, kutoka katika ujumbe wa simu au video ya harusi, yaweza kuiiga. Mwezi Machi 2023 picha ya Baba Mtakatifu Fransisko akiwa amevaa koti jeupe kubwa la baridi ilizunguka duniani kote, na watu wengi, hata wasomi, waliiamini, kumbe ilitengenezwa na mtu wa Chicago kwa programu ya kuchora. Yeye mwenyewe, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2024, alitaja kwamba naye amefanyiwa hila za namna hiyo. Mwaka huo huo huko Hong Kong mtumishi wa kampuni moja ya uhandisi aliitwa katika kikao cha video, akawaona na kuwasikia mkubwa wake wa fedha na wenzake, akalipa karibu dola milioni 25 za Kimarekani. Wenzake wote aliowaona katika kikao kile walikuwa picha za kutengenezwa.

Msidhani hayo ni ya wenye mamilioni tu. Ninyi mmekwisha kupokea ule ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Haukuhitaji akili bandia yoyote. Hutumwa kwa maelfu ya watu, nao hunasa mmoja ambaye siku ile ile alikuwa ameahidi kweli kumtumia fundi au mwenye nyumba fedha. Mashine mpya itafanya nini? Itauandika ujumbe huo kwa Kiswahili safi, na kwa jina la mtoto wako. Yamekuja pia maombi ya michango kwa jina la paroko au la Askofu, yakianza na "Bwana asifiwe" na kumalizia na baraka. Haraka na jina la Mungu, kama kwa Yakobo.

Basi kateni simu, mkapige wenyewe kwa ile namba mliyokuwa nayo siku zote. Na katika familia patanieni neno moja ambalo halijaandikwa popote, la kuulizana penye mashaka.

Mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo, mjane, alipigiwa simu usiku na sauti ya mwanawe aliyeko mjini. Ilisema amepata ajali, zahitajika fedha upesi kabla ya asubuhi. Aliniambia kwamba sauti ilikuwa ni yake hasa, hata namna anavyovuta neno "mama". Akaiuliza, "Mwanangu, yule mbuzi uliyemlilia ukiwa darasa la pili tulimwitaje?" Simu ikakatika. Akampigia mwanawe kwa namba yake, akamkuta amelala.