Chopa inakunywa mafuta kiasi gani mpaka Lushoto?

Tangu Mbowe azunguke na chopa kwenye kampeni za 2005, ubishi wa kijiweni ni ule ule: ile kitu inakula lita ngapi kwa kilomita? Jamani, swali limekaa vibaya. Chopa haihesabiwi kwa kilomita kama Noah, inahesabiwa kwa saa.

Chukua AS350. Inakula kama lita 180 kwa saa, tanki lake lita 540. Dar mpaka Lushoto, mstari ulionyooka, ni kama kilomita 250. Ikienda 220 kwa saa ni dakika 68, lita 205 hivi. Upepo wa kilomita 30 ukiipiga usoni, mwendo unabaki 190: dakika 79, lita 237. Umbali ule ule!

Kurudi, upepo huo huo ukisukuma mgongoni, ni saa 1, lita 180.

Sasa milima. Lushoto iko karibu mita 1,400, hewa nyepesi, na kuning'inia juu ya uwanja kunataka nguvu nyingi. Kilomita sifuri, mafuta yanateketea. Dakika 10 za kupungia watu ni lita 30 kwa uchache.

Rubani haamini geji peke yake, anahesabu na saa yake. Tena anaweka akiba, tuseme dakika 30, lita 90, kwa ajili ya ukungu wa Usambara.

Jumlisha: 237 + 180 + 30 + 90 = 537. Zimebaki lita 3, yaani dakika 1.

Kwa hiyo akikataa kuongeza raundi, msimzomee. Anataka kufika nyumbani. Haya, leteni ubishi hapo chini!