Je, Wajua? Nani Humlipa Mwalimu wa Kikipsigis

Safu ya leo inapanda vilima vya Kericho na Bomet kuuliza serikali inazifanyia nini lugha za kiasili darasani. Jibu fupi: mtazame anayemlipa mwalimu. Jibu refu ni hili.

JE, WAJUA kwamba mwaka 1976 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulifanyika Nairobi, na aliyechaguliwa kuwa rais wake ni Mkipsigis wa Kericho? Ni Dkt. Taaitta Toweett, mwanasiasa aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu wa Kenya. Wengi humkumbuka kwa siasa za majimbo na kwa ulimi wake usiokwepa ubishi. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa pia mwanaisimu. Mwaka 1979 alichapisha uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin, kundi la lugha ambalo Kikipsigis kimo ndani yake, pamoja na kamusi ndogo ya Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin. Mawaziri wa elimu wanaoandika kamusi za lugha za mama zao si wengi duniani.

Mwaka huohuo wa 1976, kamati ya Peter Gachathi ilipendekeza watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Hadi leo sera ya Kenya inasimama papo hapo, angalau kwenye karatasi.

Kabla yake mambo yalikuwa kinyume. Tume ya Profesa Simeon Ominde ya 1964 ilitaka Kiingereza kianze darasa la kwanza. Lugha za mama iliziachia kipindi cha kusimulia hadithi kila siku katika madarasa ya chini.

WAJUA kibao? Katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya kwao alivishwa kibao au kitu kingine cha aibu, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Kilikuwa chombo cha bei rahisi: watoto walifanya ujasusi wenyewe, bila mshahara. Wapo babu na nyanya wa Kericho ambao hadi leo hushusha sauti wakiongea Kikipsigis mbele ya mwalimu.

JE, WAJUA kwamba Kikalenjin kina konsonanti 13 tu? Hakuna f, v, z wala sh. Tofauti ya p na b haibadilishi maana. Inategemea sauti imekaa wapi ndani ya neno. Ndiyo maana mtoto wa Bomet anayeanza Kiswahili husoma “samani” pale palipoandikwa zamani, naye mwalimu asiyejua chanzo humwona mzembe. Mwalimu anayekijua Kikipsigis hujua ni suala la masikio, na hulirekebisha kwa mazoezi.

Lakini usidhani ni lugha nyepesi. Irabu zake ni maradufu ya zile za Kiswahili, kumi kwa tano, na kila moja inaweza kuwa fupi au ndefu. Maandishi yake hutumia herufi tano zilezile: a, e, i, o, u. Sentensi huanza na kitenzi, kana kwamba tungesema “Alimwona Kibet mtoto.” Sasa nani alimwona nani? Toni ya jina ndiyo inayomtaja mtenda, na toni hiyo haiandikwi. Kwa hiyo kusoma Kikipsigis kunahitaji mtu anayekisikia akilini kabla hajakitamka. Kumpa mwalimu mgeni kitabu na kumwambia afundishe hakusaidii kitu. Wanaopanga ratiba za walimu wangepaswa kulijua hili kuliko mtu mwingine yeyote.

WAJUA mpaka wa lugha unaoonekana kwa macho? Simama barabarani nje ya mji wa Kericho. Upande mmoja yako mashamba makubwa ya majanichai yaliyoanzishwa na kampuni za Brooke Bond na James Finlay katikati ya miaka ya 1920, yakikatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi. Upande wa pili yapo mashamba ya wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vya KTDA, shirika la chai yao, yakichanganyika na mahindi, ng’ombe na migomba. Kwenye mashamba ya wakulima wadogo, lugha ya eneo ni Kikipsigis, hakuna ubishi. Kwenye mashamba makubwa, wachumaji waliletwa au walikuja wenyewe kutoka Kisii, sehemu nyingine za Nyanza, Magharibi na kwingineko, wakapangwa katika nyumba za kampuni. Watoto wao walisoma katika shule zilizojengwa ndani ya mashamba. Lugha ya eneo la shule hizo ni ipi? Kiswahili. Sera yenyewe inaruhusu: palipo na mchanganyiko wa jamii, Kiswahili hushika nafasi ya lugha ya mama. Basi mtoto wa Kikisii aliyezaliwa kambini Kericho anaweza kumaliza shule ya msingi bila kusoma hata ukurasa mmoja wa Ekegusii, lugha ya kwao, na sera ikawa imefuatwa neno kwa neno.

Idadi, kwa wapenda idadi: sensa ya 2019 ilihesabu Wakipsigis 1,905,893, Kericho ikiwa na watu 901,777 na Bomet 875,689. Kaunti hizi mbili zilikuwa wilaya moja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

JE, WAJUA Katiba ya 2010 inasema nini? Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze na kulinda wingi wa lugha za Wakenya, na iendeleze matumizi ya lugha za kiasili. Cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake. Cha 56 kinataka hatua mahususi za kukuza lugha za jamii ndogo na zilizotengwa. Maneno mazuri. Hayasemi ni ofisi gani itakayolipa.

Anayelipa tunampata kwenye Jedwali la Nne la Katiba hiyo, kurasa ambazo watu huziruka. Hapo chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini vimepewa kaunti, na shule za msingi na sekondari zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mwalimu wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, huko Sotik au Kipkelion ameajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na mara nyingi ni binti au kijana wa hapohapo. Anasema “chamgei” asubuhi, darasa zima linaitika. (Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Ni sheria nzuri kwa umoja, ila somo la lugha halikuwa akilini mwa walioiandika.)

Mtoto akivuka kwenda Gredi ya 1, anaingia mikononi mwa TSC, tume ya kitaifa inayoajiri walimu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kitaifa Januari 2019, unaipa lugha ya kiasili somo lake katika Gredi ya 1 hadi ya 3, vipindi vichache vya nusu saa kwa wiki. Lakini TSC huajiri kwa nchi nzima. Mnamo 2018 ilianza hata kuwahamisha wakuu wa shule na walimu mbali na kaunti za kwao, kisha malalamiko ya walimu na wabunge yakafanya sera hiyo ilegezwe. Mjadala wote ulihusu familia zilizotenganishwa na nauli. Somo la lugha ya mama, ambalo haliwezi kufundishwa na mtu asiyeijua lugha, halikutajwa sana.

Na halitahiniwi. Mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, una Kiingereza na Kiswahili, Kikipsigis hakimo. Mzazi anayelipa fedha za masomo ya ziada hahitaji kuelezwa maana ya hilo.

Je, fedha za kaunti haziwezi kuvuka chekechea? Tazama basari. Kaunti zimekuwa zikizitoa kwa maelfu ya wanafunzi, lakini Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kwanza ziwe na makubaliano na serikali ya kitaifa, kwa kuwa sekondari si kazi yao kikatiba. Magavana wakakimbilia mahakamani.

JE, WAJUA kwamba gavana wa pili wa Bomet, marehemu Joyce Laboso, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton na msomi wa lugha na elimu? Alishika kiti kuanzia 2017 hadi kifo chake Julai 2019. Muda ulikuwa mfupi mno.

Muda mrefu kabla ya Katiba hii na mtaala huu, kanisa lilishachapisha vitabu kwa lugha za Kikalenjin. Biblia nzima kwa Kinandi, ndugu wa karibu wa Kikipsigis, ilitoka mwaka 1939, na Wakipsigis wengi walijifunzia kusoma humo. Leo kazi ya kila siku inafanywa na redio: Kass FM, Chamgei FM, na Kitwek FM ya shirika la utangazaji la serikali.

WAJUA majirani wa msitu? Waogiek wa Mau, ambao msitu wao unapakana na nchi hii ya chai, walihesabiwa 52,596 mwaka 2019. Linganisha na kaskazini mwa Kanada: Northwest Territories ilikuwa na watu takriban 41,000 kwa jumla mwaka 2021, lakini ina lugha rasmi 11, tisa kati yake za wenyeji wa asili. Waogiek walishinda kesi ya ardhi yao katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2017, na fidia ikaamuliwa 2022. Watoto wao bado husoma zaidi kwa lugha za majirani.

Uganda nayo ilianza mwaka 2007 kufundisha madarasa matatu ya kwanza kwa lugha za maeneo. Wasebei wa Kapchorwa, wenye lugha ya ukoo mmoja na Kikalenjin, wako ndani ya mfumo huo.

Mwisho, kwa wazazi: katika Gredi ya 10, iliyoanza Januari 2026, lugha za kiasili zimo kwenye orodha ya masomo ya mkondo wa sayansi za jamii. Mwanafunzi anaweza kuchagua. Shule ndiyo itakayoamua kama ina mwalimu.