Ufito wa Nzoia haufai Bahari Hindi

MVUVI wa Shianda anayetaka kununua ufito mpya wa kuvulia sharti ajiulize kwanza atautumia wapi. Kwenye kingo za Mto Nzoia upande wa Mumias, penye vichaka, mita mbili zatosha. Mombasa, mawimbi hulazimu mita tatu au zaidi ili chambo kitue mbali.

Ufito wa kaboni ni mwepesi, na mkono huhisi hata samaki anayedonoa tu. Lakini ukigongwa jiweni hupata ufa usioonekana, kisha huvunjika siku kambare mkubwa anapovuta. Ule wa nyuzi za kioo ni mzito ila huvumilia. Kwa mwenye pesa za ufito mmoja pekee, huo ndio afadhali. Pete nazo zikaguliwe, kwani iliyokwaruzika hukata mshipi. Chumvi hula chuma, hivyo ufito utokao baharini huoshwa kwa maji baridi siku iyo hiyo.