Hesabu za Dado (2): Kumpinga Mrushaji

Wiki iliyopita tulizihesabu njia 36 ambazo dado mbili zinaweza kuangukia, tukaona kwamba 7 ndiyo jumla yenye njia nyingi kuliko zote, yaani 6. Leo tuingie kwenye krapsi, mchezo wa kasino uliokulia Marekani, tumwangalie mtu asiyependwa mezani: yule anayeweka dau ili mrushaji ashindwe.

Hapa Mazinde meza ya krapsi hatuna. Tuna mkonge, barabara ya Moshi, na vijana wanaosubiri mkeka utiki. Hata hivyo, swali wanalouliza vijana hao linahusu krapsi hasa: ikiwa wengi wanaliwa, kwa nini mtu asihamie upande wa pili?

Mrushaji akianza kwa 7 au 11, waliomuunga mkono wanalipwa papo hapo na mpinzani analiwa. Akianza kwa 2 au 3, mpinzani anakula. Jumla ya 4, 5, 6, 8, 9 au 10 huwa deni: lazima airudie kabla 7 haijatoka. Hapo upepo hugeuka. Deni likiwa 4, ina njia 3 tu dhidi ya 6 za 7, kwa hiyo mpinzani ana nafasi maradufu. Kasino humruhusu wakati huo aondoe dau lake akitaka, ilhali dau la anayemuunga mrushaji limefungwa mpaka mwisho. Muuza duka hafurahii kurudishiwa bidhaa, ila ile aliyoiuza kwa hasara.

Basi kasino inapatia wapi? Kwenye 12. Mrushaji akianza nayo, wanaomuunga wanaliwa, lakini mpinzani halipwi. Anarudishiwa dau lake tu. Ni njia 1 kati ya 36, nayo inatosha. Chukua michezo 1,980, dau la shilingi 1,000 kila mmoja. Kwa wastani, anayemuunga mrushaji hushinda 976 na kushindwa 1,004: hasara shilingi 28,000. Mpinzani hushinda 949, hushindwa 976, na 55 ni sare: hasara shilingi 27,000. Ujanja wote huo umemwokolea shilingi 1,000! Kama 12 ingelipwa, angeondoka na faida ya 28,000.

Anayetajwa kuanzisha dau hili ni John H. Winn, mtengeneza dado wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake, dado za kughushi zilimwumiza mwenye meza. Kwa kuruhusu pande zote mbili, aliwapa wachezaji uhuru wa kumpinga mrushaji wanayemshuku, naye akabaki na kato lake.

Kwetu, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 iliunda Bodi ya kuzisimamia kasino na kampuni za kubeti. Sehemu ya tatu itauchambua mkeka wenyewe, ambako kato la kampuni huongezeka kwa kila mechi unayoijaza.