Filme "Lumumba": Yote ni Kweli?



Kiisha kuangalia filme "Lumumba" ya Raoul Peck (2000), mabishano yaliwaka kiwanjani. Wamoja walinyamaza, wengine wakaanza kulaumiana juu ya kabila. Tulipouliza, "Umejua namna gani?", jibu lilikuwa moja: "Njo vile filme ilionyesha!" Juu ya ile tumeona vema kueleza ginsi ya kuangalia filme ya historia, zaidi ile inayogusa muji wetu.

Kwanza, filme si siku zile zenyewe. Peck aliipiga Zimbabwe na Beira, kule Msumbiji. Ile miti na zile nyumba si za kwetu. Mutu tunayemuona ni Eriq Ebouaney, mchezaji wa Ufaransa. Tena, kutoka 30 Juni 1960 mpaka 17 Januari 1961 ni siku 201, na filme inaanza hata mbele ya pale. Yote inapita kwa saa mbili hivi. Lazima kufupisha. Kufupisha si uongo, lakini anayekata njo anayechagua.

Pili, maneno. Hotuba ya 30 Juni 1960 mbele ya Mfalme Baudouin ilirekodiwa, tunaweza kuisikiliza. Watu wengi wanasema kama Lumumba alimwambia Mfalme: sisi si nyani wenu tena. Katika hotuba ile neno hilo hakuna! Basi si filme tu inayoongeza, hata siye tunaongeza. Na yale waliyosemeana ndani ya motokari ule usiku, nani aliandika? Pale mwenye filme anatunga.

Hata Marekani ni vile. "Selma" (2014) inaonyesha safari ya miguu ya 1965 ya Mchungaji Martin Luther King, kutafuta haki ya weusi ya kupiga kura. Ruhusa ya kutumia hotuba zake ilikuwa mikononi mwa wengine, kwa hiyo Ava DuVernay aliandika hotuba zingine zinazofanana. Ukisikia King anahubiri mle, si maneno yake.

Je, tutupe filme? Hapana. Tukumbuke 13 Februari 1961: Godefroid Munongo, waziri wa Katanga, alitangaza kama Lumumba, Mpolo na Okito walitoroka, wakauawa na watu wa kijiji kimoja. Jina la kijiji hakutaja. Lile tangazo la serikali lilikuwa bongo tupu, na watu wa vijijini wakabebeshwa damu isiyo yao. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilionyesha kama wale watatu walipigwa risasi usiku wa 17 Januari, saa chache kiisha ndeke kutua Luano, mbele ya wakubwa wa Katanga, na maofisa Wabelgiji walikuwa pale. Filme inafuata njia ile. Basi wachezaji walikuwa karibu na kweli kupita waziri! Mwaka 2022 jino la Lumumba lilirudishwa toka Ubelgiji, likapitishwa Shilatembo, pahali alipouawa, mbele ya kuzikwa Kinshasa 30 Juni.

Kwa hiyo, ukiangalia filme ya historia, jiulize maulizo tatu: Jambo hili limeandikwa wapi zaidi ya filme? Maneno haya yalisikiwa na nani? Nani ameachwa inje?

Sheria ya Musa inaomba mashahidi wawili ao watatu. Filme ni shahidi mmoja tu. Na amri ya tisa inatukataza kumushuhudia jirani uongo. Majina ya waliokuwa pale usiku ule yanajulikana. Jina la mwenzako wa darasa halimo, wala la kabila lake. Aliyemtukana mwenzake juu ya filme amuombe musamaha.

Tunangojea maulizo yenu.

Kundi la Historia