Maji yasiyomwagika

Chana pampasi mpya, uikung'ute juu ya karatasi. Kutoka ndani ya pamba zitadondoka chengachenga nyeupe. Tia kijiko cha chai kwenye glasi, mimina maji hadi nusu, subiri dakika chache. Pindua glasi: hata tone halidondoki.

Chenga hizo ni sodiamu poliakrileti, polima yenye minyororo mirefu iliyofungwa pamoja hapa na pale, kama nyavu na mafundo yake. Zikilowa, chembe za sodiamu huachia minyororo na kuiacha na chaji hasi. Haziendi mbali, kwani chaji hizo huzivuta zibaki ndani. Sasa ndani ya wavu sodiamu ni nyingi kuliko nje, na maji hukimbilia huko. Minyororo nayo husukumana, wavu unatanuka, na mafundo ndiyo yanayouzuia usiyeyuke.

Nyunyiza chumvi, koroga. Ute ule mzito unalegea mbele ya macho yako na maji yanarudi, kwa sababu sodiamu imeongezeka nje na kilichokuwa kikiyavuta maji kimepungua nguvu. Mkojo una chumvi pia. Ndiyo maana chenga zinazoweza kunywa maji safi mamia ya mara ya uzito wake, kwa mkojo huishia makumi tu. (Ukimaliza usimwage kwenye sinki, bomba litaziba.)

Lakini jeli ninayoipenda zaidi haina chaji kabisa. Krismasi ya 1961, mkemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia alitengeneza lenzi laini za macho nyumbani kwake Prague, kwa mashine aliyoiunda kwa vyuma vya kuchezea vya watoto na dainamo ya baiskeli. Polima yake huyashika maji kwa vikundi vya haidroksili, na maji hayo hufika takribani asilimia 38 ya uzito wa lenzi. Tena maji hayo si ya namna moja. Mengine huganda yakipata baridi ya kutosha. Yaliyokumbatiana na minyororo yenyewe hayagandi hata chini sana ya nyuzi 0. Na ni kupitia maji hayo ya ndani ya lenzi ndipo oksijeni ya hewani hulifikia jicho.

Lenzi ya aina hiyo ikidondoka sakafuni usiku, asubuhi utaiokota imesinyaa, ngumu kama gamba la samaki, na ukiibana kati ya vidole itavunjika.