Tiketi Rahisi ya Ndege: Ulicholipia na Usicholipia

Novemba 2012, shirika la fastjet lilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, matangazo yake yalitaja nauli ya kuanzia Sh 32,000, kodi na tozo za uwanja zikiwa pembeni. Kwa mtu aliyezoea kupanda basi Ubungo alfajiri na kushuka Mwanza usiku, miguu imevimba, bei hiyo ilisikika kama mzaha. Ndege zikajaa, na wengi waliojazana humo walikuwa hawajawahi kupanda ndege maishani. Aprili 1, 2014 ikafuata Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ikiiunganisha Nairobi na Mombasa, Kisumu na Eldoret kwa nauli ya kuanzia Sh 2,850 za Kenya.

Tangu wakati huo lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni moja: "Nauli nimelipa, nafika kaunta naambiwa niongeze. Si wizi huu?" Mara nyingi si wizi. Msafiri alidhani amenunua safari ileile ya shirika kubwa kwa punguzo, kumbe amenunua kiti, saa na njia, basi. Kila kingine kina bei yake. Ukielewa kwa nini mambo yamepangwa hivyo, utajua wapi pa kubana na wapi ulipe bila kinyongo.

Mtindo huu ulikomaa Texas, Marekani, mikononi mwa Southwest, iliyoanza kuruka Juni 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata fedha zikapelea, wakauza ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo. Safari hawakuzipunguza, waliamua ratiba ya ndege nne ibebwe na ndege tatu. Njia ilikuwa moja tu: ndege ikitua, ishushe, ipakie na iondoke ndani ya dakika 10. Wakaweza. Ndege, kama daladala, huingiza hela ikiwa inakwenda. Ikisimama inakula tu. Miaka ya 1990 Ryanair ya Ireland na easyJet ya Uingereza zikauchukua mtindo huo na kuukaza zaidi, na Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet, baadaye akawa miongoni mwa waliokuwa nyuma ya fastjet.

Tazama kinachotokea ndege ya namna hii ikitua. Abiria wa mwisho hajafika mlangoni, wahudumu wameshashika mifuko ya taka na wanapita kiti kwa kiti. Hakuna kikosi cha usafi kinachosubiriwa. Ndiyo maana Ryanair iliondoa mifuko ya nyuma ya viti: pasipo na mfuko hapana maganda ya kuokota, na maelekezo ya usalama yamebandikwa kwenye kiti cha mbele yako. Chakula cha moto kinataka gari la kukileta, oveni za kukipasha na nafasi ya jiko. Kikaondolewa, na mahali pake pakawekwa viti. Airbus A319 za fastjet zilikuwa na viti 156, wakati mashirika yenye daraja la biashara huweka 120 na ushei katika ndege ya aina hiyohiyo. Goti lako litaihisi tofauti hiyo. Mashirika mengi ya bei nafuu huacha inchi 28 au 29 kutoka kiti hadi kiti. Kwa saa moja na nusu ya Dar hadi Mwanza mtu mrefu atavumilia. Kwa saa tano na zaidi za kwenda Ghuba, ningemshauri alipie kiti cha mlango wa dharura.

Usalama hauko katika orodha ya vilivyopunguzwa. Ndege ya nauli ndogo hukaguliwa na mamlaka ileile, kwa viwango vilevile vya kimataifa, na rubani wake hupimwa afya na kufanyiwa mitihani kama mwenzake wa shirika kubwa. Ryanair, pamoja na ubahili wake wote, haijapoteza abiria hata mmoja katika ajali ya ndege tangu ianze kuruka mwaka 1985.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Begi la kupakiwa chini linahitaji mtu wa kulipokea, mkanda wa kulipeleka, gari la kulivuta na vibarua wa kulipanga, na vyote hivyo vinakula zile dakika. Kwa hiyo shirika linakuadhibu kwa kuwa nalo, na linakuadhibu zaidi ukichelewa kulitaja. Begi lililolipiwa wakati wa kununua tiketi huwa na bei moja. Begi hilohilo likigunduliwa kaunta bei inapanda. Likigunduliwa getini, mlangoni pa ndege, bei yake inaweza kuizidi nauli yenyewe. Kila asubuhi uwanjani utamwona mtu amepiga magoti mbele ya mzani, begi wazi sakafuni, anavaa koti juu ya koti na kugawa vitenge kwa ndugu waliomsindikiza. Kilo 7 za begi la mkononi, ambazo ndizo kikomo cha mashirika mengi, zinaisha haraka kuliko mtu anavyodhani: begi gumu la magurudumu likiwa tupu lina kilo mbili na nusu au tatu. Tumia begi la kitambaa, lipime nyumbani, na kama unawapelekea watu mchele, dagaa au zawadi za harusi, lipia kilo tangu mwanzo.

Ukurasa wa kununulia tiketi nao usomwe polepole. Bei ya kwanza unayoiona ni ya kiti kitupu, na mara nyingi ni ya viti vichache vya mwanzo tu. Viti hugawanywa katika mafungu ya bei. Fungu la chini likiisha, mfumo unahamia la juu yake wenyewe, bila mtu kukaa mezani na kuamua. Ndiyo maana jirani yako kiti cha dirishani amelipa nusu ya uliyolipa wewe uliyenunua jana usiku. Baada ya bei ya kwanza vinakuja vishawishi: chagua kiti, ongeza bima, panda mapema, pokea ujumbe wa simu. Vingine huenda vimeshawekewa alama ya tiki tayari, viondoe usivyovitaka. Kiti usipokichagua utapewa tu, ingawa unaweza kutenganishwa na mwenzako.

Piga hesabu ya mwisho kabla hujalipa. Tuchukue mfano wa kubuni: shirika la bei nafuu linataka Sh 90,000, begi Sh 45,000, kiti Sh 10,000, na ada ya malipo Sh 5,000. Hiyo ni Sh 150,000. Shirika la kawaida lenye nauli ya Sh 160,000 likikupa kilo 23 na nafasi ya kubadilisha tarehe, limekushinda hoja. Kwa kijana anayekwenda kwenye usaili na mkoba mmoja, jibu ni kinyume kabisa. Familia yenye watoto watatu na mabegi manne ianze kuuliza bei kwa shirika la kawaida.

Jina lisikosewe. Andika kama lilivyo kwenye kitambulisho au pasipoti, si kama unavyoitwa mtaani wala kama ulivyojisajili kwenye simu. Kwetu mtu ana majina matatu, kitambulisho kinayapanga hivi na pasipoti vile, halafu mpwa anamkatia mama yake mkubwa tiketi kwa jina la mtoto wa kwanza. Kurekebisha herufi moja huenda ikawa bure siku ileile. Kubadilisha jina zima kwaweza kugharimu sawa na tiketi mpya, maana mfumo unaliona kama mtu mwingine.

Saa nazo zina ukali wake. Kaunta hufungwa, kwa kawaida dakika 45 au 60 kabla ya kuondoka kutegemea shirika na safari, na ikifungwa imefungwa. Kumlilia mhudumu hakusaidii, kwa sababu mfumo umeshafunga orodha. Chekin kwa simu tangu nyumbani pale inaporuhusiwa. Huko Ulaya hili si la hiari: Ryanair kwa miaka mingi imekuwa ikitoza hadi pauni 55 au euro 55 kwa anayefika uwanjani bila kuchekin mtandaoni.

Angalia pia unatua wapi. Viwanja vya pembeni vina tozo ndogo na foleni fupi, hivyo mashirika haya huvipenda. Frankfurt-Hahn ya Ujerumani iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt mjini. Air Arabia, inayowabeba wengi kati ya Nairobi na Ghuba, makao yake ni Sharjah, si Dubai. Teksi ya kukupeleka mwisho wa safari ihesabiwe ndani ya nauli.

Kuchelewa kuna hesabu yake pia. Shirika lenye ndege tatu au nne halina ya akiba. Moja ikiharibika saa mbili asubuhi, safari ya jioni italipia. Mwenye miadi achukue ndege ya kwanza ya siku, kwa sababu ndege hiyo ililala palepale na ucheleweshaji bado haujaanza kurundikana. Ukiunganisha safari kwa tiketi mbili tofauti, tuseme Mwanza hadi Dar kwa shirika moja na Dar hadi Dubai kwa jingine, jua kwamba kila shirika linaona kipande chake tu. La kwanza likichelewa, la pili halikupi pole wala halikusubiri. Begi utalichukua mwenyewe na kulichekin upya. Acha pengo la saa kadhaa, au lala Dar.

Usinunue mapema kupita kiasi kwa shirika linaloyumba. Faida ya biashara hii ni nyembamba, na bei ya mafuta au madeni huweza kuifuta. Afrika Kusini ilishuhudia 1time ikifa Novemba 2012, Mango ikisimama Julai 2021 na kulula mwaka uliofuata. Kwetu, Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitoa notisi ya kusudio la kuifutia leseni fastjet, ikitaja madeni na upungufu wa ndege, na safari zikakoma. Waliolipa kwa kadi ya benki wana mlango wa kudai fedha. Waliompa wakala taslimu bila risiti hawana pa kuanzia.

Jambo la mwisho wasafiri wengi hawalijui: nauli ndogo haikupunguzii haki. Ndege inayoondoka katika nchi ya Umoja wa Ulaya, ya bei yoyote, ikikufikisha umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, sheria inakupa fidia ya euro 250 hadi 600 kulingana na umbali. Kwa safari za kimataifa, Kenya na Tanzania zimo katika Mkataba wa Montreal wa 1999, unaoweka dhima ya shirika kwa mzigo uliopotea, kuharibika au kuchelewa. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo chake ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), takriban dola 2,000 za Marekani kwa abiria, na lazima uthibitishe hasara yako. Begi likiharibika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipolipokea. Usitoke ukumbi wa mizigo kabla hujajaziwa fomu ya taarifa na kupewa nakala yako.